Kiwavi wa Kabichi na Sumu ya Mimea: Somo kwa Kamati za Sharika Zinazolima Mbogamboga



Katika robo mwaka hii ofisi ya miradi imepokea maombi kadhaa kutoka sharikani, yakiomba mabomba ya kupulizia na dawa za kuua wadudu kwa ajili ya bustani za kabichi, sukuma wiki na chainizi. Maombi yameandikwa vizuri, yana mihuri na sahihi zote zinazotakiwa, na sababu inayotolewa karibu inafanana: viwavi wamezidi, dawa ya zamani haifanyi kazi tena, kwa hiyo inunuliwe iliyo kali zaidi. Kabla kamati haijakaa kuyajadili, nimeona nitumie kurasa hizi kueleza jambo ambalo mimi mwenyewe nililielewa kwa kuchelewa, baada ya kutia sahihi kwenye mradi ulioshindwa. Linahusu namna wadudu wanaokula mimea wanavyokabiliana na sumu iliyomo ndani ya mimea hiyo. Hadithi ya mradi nitaisimulia mbele kidogo. Tuanze na mmea wenyewe.

MMEA HAUKIMBII

Mbuzi akimwona fisi hukimbia. Mhindi hauna miguu, wala kabichi haina pembe. Hata hivyo, ukitazama mlima wote ulivyo wa kijani wakati wadudu wako mamilioni kwa mamilioni, utajiuliza kwa nini kila kitu hakijaliwa siku nyingi. Sehemu kubwa ya jibu ni kemikali. Majani mengi yana uchungu, yana ukali, yana utomvu unaonata, au yana sumu kabisa. Nikotini ya tumbaku, kafeini ya kahawa, pareto ya maua meupe yanayolimwa nyanda za juu, uchungu wa mwarobaini: vyote hivyo mmea hujitengenezea, na kwa kiasi kikubwa kazi yake ni kujilinda.

Mfano ambao akina mama wengi wanaujua ni muhogo mchungu. Ndani ya muhogo, sumu ya sayanidi haikai wazi. Imefungwa pamoja na sukari, na imewekwa mahali pake. Kimeng'enya kinachoweza kuifungua kimewekwa mahali pengine. Jani au mzizi ukiwa mzima, hawa wawili hawakutani. Mnyama akiutafuna, kuta zinavunjika, vitu viwili vinachanganyika, na sayanidi inatoka. Bibi zetu waliitumia siri hii bila kuijua kwa jina: ukiponda, ukivundika, ukiloweka na kuanika juani, unaifungua sumu kwa makusudi, kisha unaiacha iende zake na maji na hewa. Mahali ambapo njaa iliwalazimisha watu kufupisha siku za kuloweka na kuanika, kama ilivyowahi kutokea Tarime na Mtwara, ulizuka ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu na hauponi.

Kabichi nayo imejengwa kwa mtindo huo huo wa vyumba viwili. Katika chumba kimoja mna kemikali ziitwazo glukosinoleti, ambazo peke yake hazina ukali mkubwa. Katika chumba kingine mna kimeng'enya kiitwacho mirosinasi. Jani likitafunwa, vinakutana na kuzalisha mafuta makali, yale yanayopanda puani unapoonja haradali. Jamii nzima iko hivyo: kabichi, sukuma wiki, chainizi, figili, loshuu, na ile haradali ambayo Bwana wetu aliitumia punje yake kuufananisha ufalme wa mbinguni. Kwetu sisi ukali huo ni kiungo. Kwa mdudu mdogo anayekula jani hilo tangu asubuhi hadi jioni, ni sumu inayoharibu mwili wake kutoka ndani.

NAMNA WADUDU WANAVYOPITA

Sasa tazama bustani ya kabichi. Kama ulinzi huo ni mkali kiasi hicho, wale viwavi wadogo wa kijani wanaotoboa majani hadi yakawa kama chujio wanaishije?

Huyo kiwavi ni mtoto wa nondo mdogo wa kijivu, mwenye alama za umbo la almasi mgongoni anapokunja mabawa. Kitaalamu anaitwa Plutella xylostella. Anakula mimea ya jamii ya kabichi na karibu hana chakula kingine. Siri yake ilielezwa mwaka 2002 na watafiti wa taasisi ya Max Planck iliyoko Jena, Ujerumani. Tumboni mwa kiwavi huyu mna kimeng'enya chake mwenyewe. Anapotafuna jani, kabla mirosinasi haijaifikia glukosinoleti, kimeng'enya cha kiwavi huwahi kukata kipande kimoja cha glukosinoleti hiyo, kipande chenye salfa. Baada ya hapo mirosinasi haiitambui tena, na mafuta makali hayazaliwi. Ni kama mtu anayekuta bomu na kung'oa kiwashio chake kabla halijalipuka, tena anafanya hivyo kwa kila tonge.

Kipepeo mweupe wa kabichi, anayesumbua sana bustani za Ulaya, anakula mmea ule ule lakini kwa mbinu tofauti. Yeye anaacha vyumba viwili vikutane. Ila tumboni mwake mna protini inayoigeuza njia ya kemikali, hivyo badala ya mafuta makali hutoka kitu kingine chenye sumu ndogo, ambacho hutolewa pamoja na kinyesi. Hili lilichapishwa mwaka 2004. Ninalitaja kwa sababu linafundisha: wadudu wawili, mmea mmoja, na kila mmoja ametokea mlango wake.

Vidukari, ambao wengine huwaita wadudu mafuta, wanakwepa. Hawatafuni jani kabisa. Mdomo wao ni kama sindano nyembamba, wanaupitisha katikati ya seli bila kuzipasua sana, mpaka wafike kwenye mishipa inayobeba maji ya sukari. Vyumba viwili haviguswi. Lakini kidukari wa kabichi hakuishia hapo. Anakusanya glukosinoleti za mmea mwilini mwake, na kimeng'enya cha kuzifungua anajitengenezea mwenyewe. Yaani ameiba bidhaa ya chumba kimoja na kujijengea chumba cha pili. Akibanwa na adui, mafuta ya haradali yanatoka ndani yake yeye. Hivyo ulinzi wa kabichi umekuwa ulinzi wa mwizi wa kabichi.

Kuna wanaokata mabomba. Viwavi kadhaa wanaokula mimea yenye utomvu mweupe hung'ata kwanza mshipa mkubwa wa jani, wanasubiri utomvu umwagike, kisha wanakula sehemu ya mbele ambayo haifikiwi tena na utomvu. Mtu yeyote aliyewahi kukata papai bichi na kuliacha livuje kwanza ataielewa akili hiyo.

Kiwavijeshi vamizi, ambaye alionekana Afrika mwaka 2016 na kutufikia Tanzania mwaka 2017, anakabili sumu ya mhindi. Mhindi mchanga huifunga sumu yake kwa sukari, na jani likitafunwa sukari hiyo huondolewa ili sumu iwe huru. Kiwavijeshi anaichukua sumu iliyofunguliwa na kuifunga tena kwa sukari, ila sukari anaiweka kwa mkao wa kinyume. Kimeng'enya cha mhindi kimetengenezwa kufungua mkao mmoja tu, hivyo kinashindwa. Kufuli limerudishwa, lakini ufunguo wa mwenye nyumba hauingii.

Ruhuka wa kahawa ana msaada kutoka nje. Huyu ni yule mbawakavu mweusi mdogo anayetoboa tunda la kahawa na kuzaa ndani ya buni, ambamo kafeini ni nyingi kiasi cha kumdhuru mdudu mwingine. Mwaka 2015 ilichapishwa kwamba bakteria wanaoishi tumboni mwake ndio wanaoivunja kafeini. Watafiti walipowalisha ruhuka dawa za kuua bakteria, kafeini ilipita tumboni bila kuvunjwa, na uzazi wao ukashuka sana. Walipowarudishia aina moja ya bakteria hao, uwezo wa kuivunja kafeini ukarudi.

Njia ya mwisho nitakayoitaja ndiyo ninayoomba muikumbuke zaidi, maana tutaihitaji. Kule Amerika kuna kipepeo wa rangi ya chungwa aitwaye monarki. Kiwavi wake hula mmea wenye utomvu ulio na sumu ya moyo. Sumu hiyo inafanya kazi kwa kuingia kwenye pampu ndogo iliyo katika kila seli ya mnyama, pampu inayosukuma chumvi kuingia na kutoka, na kuikwamisha. Monarki haivunji sumu hiyo. Pampu yake mwenyewe imebadilika umbo kidogo, kwa hiyo sumu haikai sawasawa. Mwaka 2019 watafiti waliingiza mabadiliko hayo, sehemu 3 tu za pampu, katika wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu, na nzi hao wakaweza kuihimili sumu. Monarki huihifadhi sumu mwilini, na ndege asiye na uzoefu akimla hutapika na kumkumbuka.

Kuna jambo moja la ajabu linalofuata. Sumu ambayo mdudu amekwisha kuishinda hugeuka kuwa bango la hoteli. Mwaka 1910 Mholanzi Eduard Verschaffelt aliwapa viwavi wa kabichi majani ya mimea ambayo kwa kawaida hawaigusi. Hawakula. Alipoyapaka majani hayo kemikali ya haradali, wakala. Nondo wetu naye anapotafuta mahali pa kutagia mayai huongozwa na kemikali hizo hizo. Mmea uliziweka kufukuza, na kwa wadudu wengi kweli zinafukuza, lakini kwa huyu mmoja zinamwita.

MRADI ULIOSHINDWA

Sasa nirudi kwenye sahihi yangu. Misimu michache iliyopita, kikundi cha akina mama katika usharika mmoja wa milimani kilipata mkopo kutoka mfuko wa kuzunguka kwa ajili ya kilimo cha kabichi. Mimi niliandaa andiko, na ndani yake tuliweka mabomba mawili ya mgongoni, dawa ya msimu mzima, na ratiba ya kupulizia kila baada ya siku saba, kukiwa na wadudu au hakuna. Msimu wa kwanza kabichi zilikuwa nzuri mno. Tulipiga picha, na baadhi yenu wafadhili mliziona katika taarifa yetu.

Msimu wa pili siku saba zikawa nne. Msimu wa tatu walikuwa wakipuliza mara mbili, hata tatu kwa wiki, wakaongeza kipimo, wakachanganya dawa mbili katika bomba moja. Viwavi walikuwepo. Mama mmoja alipuliza bila barakoa, upepo ukamrudishia, akapata kizunguzungu na kutapika mpaka akapelekwa zahanati. Kabichi zilizovunwa hazikupata mnunuzi, na mkopo haukurejeshwa. Katika taarifa ya mwaka huo niliandika kwamba sababu ilikuwa "changamoto ya wadudu na uwezekano wa pembejeo zisizo na ubora". Kwa lugha nyingine, nilimlaumu mwenye duka.

Aliyenifungua macho ni afisa ugani wa kata. Alisema, kabla ya kumshtaki mtu tuijaribu dawa. Tukachukua makopo ya siagi yaliyooshwa, tukayatoboa matundu madogo kwenye mifuniko. Tukachuma majani safi ya kabichi ambayo hayajawahi kupuliziwa. Mengine tukayachovya katika dawa iliyochanganywa kwa kipimo cha kwenye lebo, mengine katika maji matupu, tukayaacha yakauke. Kisha tukaweka viwavi kutoka shamba la kikundi katika makopo ya aina zote mbili, na viwavi kutoka bustani ya nyumbani ya bibi mmoja wa kijiji cha mbali, asiyepuliza chochote, katika makopo mengine kama hayo. Tukasubiri siku mbili.

Kwenye majani ya maji, wote walikuwa hai. Kwenye majani ya dawa, viwavi wa bibi walikuwa wamekufa karibu wote. Viwavi wa kikundi walikuwa wamekula jani likabaki mishipa, na wawili walikuwa wameanza kujisokotea kifuko. Dawa ilikuwa halisi. Mwenye duka nilimwendea kumwomba radhi.

CHUPA YA DUKANI NI JANI JINGINE

Wakulima wetu husema wadudu "wamezoea dawa", kama mlevi anavyoizoea pombe. Sivyo. Kiwavi mmoja hazoei; anakufa au haumwi kitu. Katika shamba lenye viwavi maelfu, wachache huzaliwa na tofauti ndogo inayowawezesha kupona. Ukipuliza, unaua wengine wote na kuwaachia hao wachache shamba zima, chakula chote, na wachumba wao kwa wao. Mahali penye joto kizazi cha nondo huyu hukamilika ndani ya wiki mbili hadi tatu, na jike mmoja anaweza kutaga zaidi ya mayai 100. Hesabu wenyewe ni vizazi vingapi vinapita katika misimu mitatu. Sisi, kwa ratiba ya siku saba, tulikuwa tunawachagua wazazi kwa uangalifu mkubwa.

Na tofauti hizo hazitoki hewani. Mdudu aliyeishi na sumu za mimea kwa vizazi visivyohesabika ana ghala zima la vimeng'enya vya kuvunja, kukata, kufunga na kutoa nje vitu vya hatari. Jenomu ya nondo wa kabichi ilipochapishwa mwaka 2013, ilionekana jinsi ghala hilo lilivyo kubwa. Kwa upande mwingine, dawa zetu nyingi ni ndugu wa sumu za mimea. Kundi la dawa ziitwazo pairethroidi limeigwa kutoka pareto. Jingine, neonikotinoidi, limepata jina lake kutoka nikotini. Tunadhani tunamletea mdudu kitu kigeni kutoka kiwandani, kumbe tunampelekea jani jingine lenye uchungu, na anafanya kama alivyofanya kwa majani yote: baadhi wanaivunja sumu tumboni, na baadhi wana mlango wa neva uliobadilika umbo hivi kwamba pairethroidi haikai sawasawa. Mkumbukeni monarki na pampu yake.

Huyu nondo amefanya hivyo mara nyingi kuliko karibu mdudu yeyote wa shambani. Usugu wake kwa DDT uliripotiwa Java, Indonesia, mwaka 1953. Huko Hawaii mwaka 1990 iliripotiwa kwamba ameishinda shambani hata dawa itokanayo na bakteria Bacillus thuringiensis, ambayo watu waliamini haitashindwa. Leo duniani ameorodheshwa kuwa sugu kwa viambato zaidi ya 90. Kwa hiyo maombi yanaposema "inunuliwe iliyo kali zaidi", swali langu ni hili: kali zaidi kwa nani? Kwa mama anayebeba bomba, bila shaka.

DAWA ZA ASILI NAZO

Najua baadhi yenu mnasema moyoni, "Basi turudi kwenye dawa za asili." Nazikubali, ila kwa tahadhari, maana neno asili limekuwa kama cheti cha usalama. Maji ya majani ya tumbaku yana nikotini, na nikotini hupenya ngozi ya mtu. Utupa ni mmea tunaoujua toka zamani kwa kuvulia samaki. Rotenoni iliyomo inaua samaki wote wa kijito, na ndoo ikisuuzwa mtoni hasara inakwenda kwa majirani wa chini. Mwarobaini ni mpole zaidi kwa mtu na una mchanganyiko wa kemikali nyingi kwa pamoja, lakini huharibika haraka juani na unahitaji kutumika jioni viwavi wakiwa bado wadogo. Na kama mlivyokwisha kuona, sumu kutoka kwenye mmea ndiyo hasa aina ya sumu ambayo mdudu amejifunza kuishi nayo.

MLANGO AMBAO HAUJUI, NA ADUI ASIYETEGEMEA SUMU

Je, mdudu hushinda kila kitu? Hapana. Ulaya kuna mmea wa porini wa jamii ya kabichi uitwao Barbarea vulgaris. Una harufu ile ile ya haradali, hivyo nondo huvutwa na kutaga juu yake kwa wingi. Lakini aina fulani za mmea huo zina pia saponini, kemikali za namna ya povu la sabuni, na viwavi wakianza kula hufa. Kufuli la kwanza wanalifungua, la pili hawana ufunguo wake. Ndiyo maana watafiti wameujaribu kama mtego wa kupandwa kando ya kabichi. Niongeze, kwa faida ya marafiki wetu wa Denmark, kwamba huko kwao kuna mbawakavu mrukaji ambaye baadhi yake wameshaupata hata ufunguo huo wa pili. Kwa hiyo msiniombe mbegu za Barbarea kama dawa ya kudumu.

Kwetu msaada ulio karibu zaidi ni nyigu. Mwaka 2002 kituo cha icipe cha Nairobi kilimwachia katika milima ya Taita na nyanda nyingine za juu za Kenya nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum, aliyeletwa kutoka Taiwan. Baadaye alipelekwa pia nchi jirani, Tanzania ikiwemo. Nyigu huyu hutaga yai ndani ya kiwavi wa nondo. Mtoto wa nyigu anamla kiwavi kutoka ndani, na katika kifuko ambamo ungetegemea atoke nondo, anatoka nyigu mwingine. Mahali alipokaa vizuri, wadudu na uharibifu wa kabichi vilipungua sana. Tena kabichi yenyewe inamsaidia, maana jani linalotafunwa hutoa harufu ambayo nyigu huifuata. Kiwavi ameishinda sumu ya jani lakini jani bado linapiga yowe.

Shida ni kwamba nyigu hana ghala la vimeng'enya kama la kiwavi; hajawahi kula kabichi. Dawa nyingi za kuua kila kitu humwua yeye kwanza na kumwacha kiwavi sugu. Nadhani hilo ndilo lililotupata msimu wa tatu: tulikuwa tunalipa fedha za wafadhili kuwaua askari na kuwalisha wezi.

MAOMBI YALIYOKO MEZANI

Sijasema kamati ikatae kila kitu. Kikundi kile cha akina mama kimeanza tena, bila mkopo mpya. Wamegawa eneo, na baada ya kabichi wanapanda maharage au karoti. Hawapandi sukuma wiki wala chainizi, maana kwa nondo huyo ni chakula kile kile na sahani tofauti. Visiki vya kabichi wanaving'oa na kuvifukia mara wanapomaliza kuvuna, kwa sababu vikiachwa vichipue vinakuwa kitalu cha nondo. Mara mbili kwa wiki wanapita wakihesabu viwavi kwenye mimea michache ya kila kona, na wakipuliza, wanapuliza kwa sababu ya walichohesabu. Wanatumia dawa ya bakteria, ambayo haimdhuru nyigu moja kwa moja, na kwa kukumbuka Hawaii hawaitumii peke yake mfululizo. Kwenye lebo wanaangalia namba ya kundi la dawa, si jina la chupa, maana majina matatu tofauti yanaweza kuwa sumu moja. Kabichi zao zina matundu kwenye majani ya nje. Wanayabandua na kulisha sungura.

Kwa hiyo, kabla kamati haijakaa, ninaomba kila usharika ulioleta maombi ujadili na kutujibu kwa maandishi maswali haya. Katika eneo lenu jamii ya kabichi imelimwa mfululizo kwa misimu mingapi bila kupumzika? Ni dawa gani zimetumika, kwa mpangilio upi, na ziko katika makundi gani ya lebo? Mmewahi kuona vifuko vya nyigu kwenye majani, na kama hamvijui, afisa ugani wenu anaweza kuwaonyesha? Nani hasa atakayebeba bomba mgongoni, na katika bajeti yenu mmemwekea glovu, barakoa na buti kiasi gani?

Pia fanyeni jaribio la makopo kabla ya kutaja dawa yoyote katika andiko. Kipimo cha kuchovya majani kimeandikwa kwenye karatasi moja inayopatikana ofisini bila malipo. Mkitaka tulifanye pamoja, leteni viwavi wenu siku ya Jumatano, kutoka shamba linalopuliziwa na kutoka bustani isiyopuliziwa, kila kundi na kopo lake lenye jina. Mifuniko ifungwe vizuri. Safari iliyopita walitoka ndani ya basi dogo, na kondakta hajatusahau.